Roho Hakushuka

Chifu Osewe aliuawa mchana kweupe, barazani, mbele ya watu waliokuja kusikiliza habari za kujiandikisha kupiga kura. Nyamhanga, mchimba dhahabu wa Masara, alitoka katikati ya watu akiwa na nyundo yake ya kazi, akapita kati ya askari wawili wa utawala waliodhani anapeleka malalamiko, akampiga chifu kichwani. Kisha akaiweka nyundo mezani, akakaa chini kungoja kukamatwa. Askari walipopata akili ya kumshika walimkuta anaimba wimbo wa kanisani.

"Nani amekutuma?" walimuuliza.

"Roho."

Serikali haina faili la Roho. Ina faili la wachungaji, tena nene. Kabla jua halijatua Mchungaji Javan alikuwa ametiwa pingu na kupelekwa kituo ambacho hata mkewe hakuambiwa kiko wapi.

Sababu ilikuwa inajulikana. Kanisa lake, Kanisa la Roho wa Alfajiri, lilikuwa limefungwa miezi michache nyuma, mwaka huo huo wa tisini na mbili, kwa kuwa mchungaji alikataa kusoma ibadani tangazo la kadi za chama tawala. Alisema madhabahu si ukuta wa kubandikia matangazo. Bwana D.O., mkuu wa tarafa, aliposikia hayo akasema basi ibada hizo ni mikutano isiyo na kibali, akamtuma chifu na kufuli. Kwa hiyo chifu alipouawa na muumini wa kanisa hilo, hakuna mkubwa aliyehangaika kutafuta mbali.

Inspekta alifika nyumbani kwa Nyamhanga akamkuta mkewe, Orpah, amepiga magoti mbele ya karai akiosha vumbi la mawe. Habari zilikuwa zimeshamfikia, lakini mikono ilikuwa bado inazungusha karai kana kwamba haijaambiwa.

"Wewe mama, mumeo alikuwa anaongea na mchungaji? Mambo ya chifu?"

"Sijui, afande."

"Nani alimwambia aue?"

Orpah alitazama maji machafu. Nyuma yake, mlangoni, alisimama Bhoke, dada yake Nyamhanga, mjane aliyekuwa akiishi nao. Bhoke alikuwa analia kwa Kikuria.

"Sijui," Orpah alisema tena.

Alijua. Hakuna mtu chini ya jua aliyejua kama yeye.

Pale Masara mwanamke hashuki shimoni. Akikaribia tu mdomo wa shimo hufukuzwa, wanasema dhahabu itakimbia. Kazi yake ni kuponda mawe, kuchekecha na kuosha. Orpah alikuwa Mjaluo wa Karungu aliyeolewa na Mkuria, na nyumbani mwao Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja. Alikuwa ameponda mawe miaka mingi hadi akawa anayajua. Akiona kutu fulani kwenye jiwe jeupe, alijua mkanda wa dhahabu unakwenda wapi. Lakini wanaume gani wangechimba kwa sababu mwanamke ameona kutu? Wangemcheka mpaka wakae chini.

Roho, lakini, hachekwi. Orpah alikuwa nabii kanisani. Roho akimshukia, alitetemeka, akasema, na watu wakapokea. Mwanzoni ilikuwa kweli tupu. Kabla binti yao Edith hajazaliwa aliota shimo lililojaa maji yanayong'aa; Nyamhanga akachimba mahali pale, wakapata dhahabu ya kujengea nyumba ya mabati. Baadaye ndoto zilipoadimika, Orpah alianza kuitia kutu ya mawe kinywani mwa Roho. "Roho anasema, fuateni upande wa machweo." Wakafuata, wakapata. Nani ameumia? Ndivyo alivyojiambia. Na Nyamhanga alizoea hivyo: mke anasema, yeye anachukua nyundo. Hakungoja mtu amfasirie.

Sasa tuseme jambo la kilemba, maana hapo ndipo mzizi ulipo. Wiki moja baada ya kanisa kufungwa, chifu alipita kwenye uwanja wa kupondea mawe, gari la serikali likimfuata polepole. Akamkuta Orpah amevaa kilemba chake cheupe chenye msalaba mwekundu.

"Wewe nabii," alimwita. "Hukusikia kanisa limepigwa marufuku? Hiyo ni yunifomu ya chama haramu. Vua."

Orpah alivua. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, na hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kuziona isipokuwa mumewe.

"Panguza gurudumu la gari."

"Bwana chifu, hii ni kitu ya Mungu."

"Panguza."

Akapanguza. Wanawake wenzake walicheka. Walicheka kwa woga, kila mtu anajua kicheko hicho, lakini aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Bhoke, wifi yake. Jambo hilo Orpah hakulisema nyumbani. Lilikaa tumboni likavimba.

Ijumaa iliyofuata waumini walikusanyika kwa siri nyuma ya lundo la mawe. Siku ya neno watu hufunga, na nabii ndiye hufunga kuliko wote. Asiyefunga hafunguliwi kinywa. Hiyo ni sheria ya kanisa lao, hata mtoto anaijua. Asubuhi hiyo Nyamhanga alipokwenda mtoni, Orpah alijifungia jikoni akala ugali na omena, dagaa wa ziwani, mpaka akashiba. Hakuwa na hamu ya Roho. Alikuwa na hasira, na hasira hutaka chakula.

Alipofika pale alisimama, akatetemeka kama alivyozoea mwili wake kutetemeka, akasema: "Mwamba umelala mlangoni pa nyumba yangu. Nasema utapasuliwa kabla mtama haujavunwa. Na nyundo imo humu humu ndani!"

Hayo ya nyundo yalikuja yenyewe, kwa utamu wa kusema tu. Ulimi hauna mfupa.

Mchungaji Javan alikunja uso. Kwa desturi yao mchungaji humuuliza nabii mara moja tu, na jibu likitoka limetoka. "Dada Orpah, ni Roho?"

"Ni Roho."

Mchungaji akawaambia watu mwamba ni utawala mbaya, nyundo ni kura, wawe na subira mpaka uchaguzi. Watu wakaitikia. Nyamhanga hakuitikia kitu. Alikuwa ametazama mikono yake, ile mikono iliyopasua miamba ya Masara yote, na uso wake ulikuwa na furaha. Orpah aliuona uso ule. Aliuona, akanyamaza.

* * *

Siku ya nne baada ya chifu kuuawa, Bhoke alirudi kutoka sokoni akiwa hana kikapu.

"Wanasema Mchungaji hawezi kusimama," alisema. "Wamempiga kwenye nyayo. Wanataka akubali ndiye alimtuma kaka yangu. Wanasema wakimaliza yeye watakuja kuchukua wazee wa kanisa, mmoja mmoja."

"Amekubali?"

"Atakubali vipi kitu hajafanya? Wifi, kwani wewe hujui hii maneno ilitoka wapi? Si kaka alikuwa anakuambia kila kitu?"

Orpah alikaa chini palipokuwa na majivu. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu Javan hakuwa hata wa kwao. Alikuwa mtu mwembamba aliyepanda mihogo, mwenye mke mgonjwa, na kosa lake lilikuwa kuuliza swali moja na kuamini jibu.

Alikwenda Homa Bay, alikowekwa mumewe rumande. Alitaka kumwambia ukweli yeye kwanza. Mlangoni askari alichoma ugali wake kwa kijiti kutafuta silaha, kisha akapekua samaki vipande vipande, akamwacha aokote miiba na nyama pamoja. Orpah aliokota. Alisema asante.

Nyamhanga aliletwa amenyolewa, amevaa kaptura. Alitabasamu.

"Mama Edith. Kwa nini umekonda?"

"Baba Edith, wanakupiga?"

"Walinipiga siku ya kwanza. Waliona napigwa naimba, wakachoka." Alicheka kidogo. "Usilie. Mimi nalala vizuri kuliko hata nyumbani. Wewe waliuliza?"

"Waliuliza."

"Mimi sikutaja jina yako. Nimesema Roho, basi. Wewe ulikuwa mdomo wake tu, si ndio?"

Hapo Orpah alitaka kurudi. Angeweza kumpa samaki wake, akamwambia Edith anasoma vizuri, akaenda zake. Alishika wavu uliowatenganisha.

"Siku ile nilikuwa nimekula."

"Siku gani?"

"Ijumaa ya mwamba. Ulipokwenda mtoni nilikula ugali na omena. Nilishiba. Roho hakushuka. Nilisema mimi mwenyewe, kwa sababu chifu alinivua kilemba mbele ya watu, nikapanguza gari nacho."

Nyamhanga alimtazama kama mtu anayesikiliza jiwe likianguka shimoni, akingoja lifike chini.

"Mchungaji alikuuliza."

"Aliniuliza. Nilidanganya."

"Na lile shimo la kwa Nyarangi? Tuliambiwa upande wa machweo."

"Niliona kutu."

"Na la kando ya barabara?"

"Kutu."

"Na ile ya kwanza? Ya maji? Kabla Edith azaliwe?" Sauti yake ilikuwa ndogo sasa.

"Ile ilikuwa ndoto. Ile ni kweli, Baba Edith. Naapa."

Nyamhanga aliishika ndoto hiyo kama mtu aliyeshika kamba. "Basi. Basi. Roho alisema kwa kinywa cha punda wa Balaamu, na punda hakufunga. Alikula nyasi asubuhi yote. Si ndio? Roho akitaka mdomo anachukua, hata mdomo umeshiba."

"Baba Edith..."

"Nyamaza!" Askari aligeuka. Nyamhanga alishusha sauti. "Huyo mtu nilimpiga alikuwa ananiangalia. Unajua? Alisema, 'Nyamhanga, keti, zamu yako itafika.' Alinijua jina. Mimi nilimpiga kwa sababu nimetumwa. Kama sikutumwa, mimi ni nani?"

Orpah alisogeza samaki mezani, karibu na wavu.

"Wakininyonga nataka ninyongwe nikiwa nimetumwa. Usirudi hapa na hiyo maneno. Nitakufa na ile ingine." Akamwita askari amrudishe ndani, muda wao ukiwa haujaisha. Samaki aliachwa mezani.

* * *

Siku hiyo hiyo Orpah alimfuata inspekta ofisini. Alisimama muda mrefu ukutani na watu wenye kesi za kuibiwa ng'ombe, na alipoingia alisema yote bila kupumua. Inspekta hakuwa mtu mbaya wa sura. Alimpa kiti.

"Mama, umetumwa na nani kuja kusema haya?"

"Sijatumwa na mtu."

"Mnampenda mchungaji wenu, naelewa. Lakini fikiria. Nimwandikie mkubwa wangu kwamba chifu wa serikali ameuawa kwa sababu ya kitambaa cha kichwa? Kwamba mkosaji ni mama mmoja aliyekula omena?" Alifunika kalamu. "Aliyemtuma mumeo tunamjua. Ni yule aliyekataa tangazo. Nenda nyumbani ulee mtoto."

Alimfungulia mlango kwa heshima, na heshima hiyo ilimchoma Orpah kuliko matusi.

Ijumaa alikwenda nyuma ya lundo la mawe. Waumini walikuwa wengi kuliko zamani. Watu ambao hawakuwahi kuvaa kanzu nyeupe maishani mwao walikuwa wamekuja nazo mpya. Walipomwona walimpisha njia, na mama mmoja mzee aligusa upindo wa nguo yake.

"Nisikilizeni," Orpah alisema. "Neno la mwamba halikuwa la Roho. Nilikuwa nimeshiba. Lilikuwa langu, la hasira yangu. Nimeua mtu, na Mchungaji anateswa kwa ajili yangu."

Kisha yule mama mzee akasema, "Mtama umevunwa?"

"Bado."

"Na mwamba?"

Orpah aligeuza uso.

"Petro alikana mara tatu," mama alisema, akawageukia wengine. "Mnamwona? Anaogopa kwa sababu neno ni kubwa. Hata yeye halijui. Lakini limetimia!"

Wakapiga makofi. Wengine walilia. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kusadiki. Bhoke ndiye aliyefika mbele, yule wifi aliyecheka siku ya kilemba, akapiga magoti miguuni pake.

"Nisamehe, wifi. Sikujua ulikuwa na Roho namna hiyo." Kisha kwa sauti ya chini, macho yakimetameta: "Sasa tuambie. Na bwana D.O. je? Yeye ni lini?"

Mwanamume mmoja nyuma, mchimbaji kijana, alikuwa amekuja na nyundo yake kiunoni. Orpah aliiona. Akafunga kinywa chake kwa viganja vyote viwili, akaondoka pale akikimbia. Nyuma yake walianza kuimba.

* * *

Palibaki nyumba moja tu.

Kwa Wajaluo, na kwa Wakuria pia, damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, watu wa nyumba hizo hawali pamoja wala hawaingii kwa wenzao mpaka mila zitimizwe. Kwa hiyo Orpah hakuvuka lango la marehemu chifu. Alisimama nje, kichwa wazi, akabisha hodi. Wanaume waliokuwa wamekaa karibu na kaburi waliinuka, mmoja ameshika fimbo.

"Mwacheni," ilisema sauti ya mwanamke. "Amekuja peke yake."

Alikuwa Bathsheba, mjane wa chifu, mwanamke mrefu, Msabato tangu utotoni, anayeheshimika kijijini kwa sauti yake ya kuimba. Alikuja mpaka langoni, akasimama upande wa ndani. Walizungumza Kijaluo.

"Nyar Karungu," alimwita kwa jina la kwao alikozaliwa. "Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kusema, mama. Si Mungu aliyemtuma mume wangu. Ni mimi."

Akaeleza yote: kilemba, gurudumu, ugali, omena, swali la mchungaji na jibu lake, inspekta aliyekataa kumsikia, na Nyamhanga anayetaka kufa akiwa ametumwa. Bathsheba hakumkatiza. Alipomaliza, mjane aliuliza jambo moja.

"Hicho kilemba. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Osewe alinisimulia. Jioni ile hakula. Alisema bwana D.O. alikuwa ndani ya gari akimtazama aone kama ana huruma na watu wa kanisa. Alisema, 'Leo nimemvua mama wa watu.' Alitaka kuja kuomba radhi, akaogopa kuonekana." Alifuta uso kwa kiganja. "Nakuamini."

Orpah alikuwa amelitafuta neno hilo kila mahali. Alipolipata ndipo alipojua kwamba kote alikokwenda, kwa inspekta na kwa waumini, kulikuwa na kona ya moyo wake iliyotumaini kwamba hataaminiwa. Sasa kona hiyo ilikuwa imebomoka, na hapakuwa na pa kujificha.

"Unajua mimi sijaomba tangu tumzike?" Bathsheba alisema. "Watu wako wanapita barabarani wakiimba kwamba Mungu amempiga mume wangu. Nikajiuliza, huyu Mungu niliyemwimbia miaka yote, nitamwambia nini tena? Nikimwita, nitakuwa namwita muuaji. Nimekaa kama mtu asiye na baba." Akapumua kwa nguvu. "Kumbe hakuwa yeye. Ni wewe tu."

"Ni mimi tu."

"Kesho tutakwenda Homa Bay, mimi na wewe, kwa D.C. mwenyewe, mkubwa wa wilaya. Wewe hawakukusikia. Mimi mjane wa chifu watanisikiliza, wapende wasipende. Watamwachia Javan. Wewe watakuweka ndani."

"Nitakwenda."

"Na mumeo atanyongwa bila hata hicho anachokishikilia."

"Najua." Hapo tu ndipo Orpah alipolia.

"Mimi sikusamehe, Nyar Karungu. Nisikudanganye."

"Sikuja kuomba hilo."

Bathsheba aliinamisha kichwa pale pale langoni. Wanaume kwenye kaburi walivua kofia, bila kujua la kufanya.

"Baba," alisema mjane, kwa sauti iliyokuwa haijapita njia hiyo siku nyingi. "Baba, nilikusingizia. Nisamehe. Aliyemuua mume wangu ni mwanamke huyu. Anaitwa Orpah, amesimama hapa mbele yangu. Mtazame. Usimsahau hata siku moja, akiwa macho, akiwa amelala."

Wanaume hawakuitikia, kwa kuwa hawakujua kama ni sala au laana. Sala ilikaa hewani bila mtu wa kuifunga. Na Orpah, aliyeitikia sala za watu maisha yake yote, alifumba macho akasema, "Amina."